Kipimo Kwanza, Jina Baadaye: Injini Kuukuu na Vipuri Vyake katika Nchi ya Chai

Wauza vipuri wa Kericho na Nakuru wamelizoea swali moja: "Una ringi za Lister?" Muulizaji huwa ametoka mbali, Boito pengine, au Kimulot, au ng'ambo ya Mogogosiek. Kisiagi chake kimesimama na akina mama wamerudi nyumbani na mahindi yao bila kusagiwa. Muuzaji hana la kujibu ila kuuliza naye: "Lister gani, mzee?" Mzee anajua kwamba injini ina magurudumu mawili makubwa, kwamba ni ya kijani, na kwamba ilinunuliwa na marehemu babake. Kwa habari hizo hakuna mtu duniani anayeweza kumuuzia ringi.

Nashikilia kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita uhaba wa vipuri ni uhaba wa utambuzi. Vipuri vya injini nyingi kuukuu zilizobaki Boito na kaunti ndogo nzima ya Konoin vipo. Vingine vinatengenezwa India hadi leo, vingine huuzwa kwa namba katika duka lolote la beringi, na vingine fundi mzuri huvikereza kwa siku moja. Anayekosekana ni mtu wa kusema kwa uhakika ni kipi kinachotakiwa. Jina la injini husaidia kuanza kutafuta, lakini anayenunua kwa jina peke yake anabahatisha, na nauli ya kubahatisha kutoka Boito si ndogo.

Injini hizi zilifikaje huku juu? Kusaga kwa mashine si jambo geni kwa Wakipsigis. Kati ya vita vikuu viwili vya dunia walikuwa tayari wanamiliki vinu vya mahindi vilivyozungushwa na maji ya mito yao, maana nchi hii haikunyimwa mvua wala miteremko. Dizeli ilimwondolea mwenye kinu ulazima wa kukaa mtoni. Kisiagi kikapanda hadi sokoni, penye watu. Upande wa chai, miche ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka 1903, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaanzisha mashamba makubwa ya Kericho. Kiwanda cha chai hakingoji nguvu ipatikane, kwa sababu majani yaliyochumwa asubuhi yataharibika yasiponyaushwa, kusagwa na kukaushwa kwa wakati wake. Kwa hiyo kabla ya gridi viwanda vilijitegemea kwa maji au kwa injini, na hata sasa jenereta ya dizeli hukaa tayari kwa siku ya giza.

Kisha nyaya zikafika vijijini. Mamlaka ya Umeme Vijijini iliundwa chini ya Sheria ya Kawi ya 2006, na mradi wa Last Mile ukaanza mwaka 2015. Mwenye kisiagi akafunga mota, injini ikasukumwa kwenye kona ya banda, kuku wakaifanya kiota. Miaka ikapita. Siku anapoihitaji tena, kwa sababu umeme unapotea au bili imemshinda, anakuta kibati chenye jina na namba ya injini kimeng'olewa, kitabu cha maelezo kimeliwa na mchwa, na fundi aliyeijua injini hiyo kwa sauti yake amekwisha kuzikwa.

Tuanze na hiyo Lister, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Kampuni ya R A Lister ilianzishwa mwaka 1867 katika mji mdogo wa Dursley, Gloucestershire, Uingereza, ikitengeneza zana za shamba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitoa injini ya dizeli iliyoitwa CS, yaani ya kuwashwa ikiwa baridi. Sifa hiyo ilikuwa na uzito wakati ule, kwani injini nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na kifuko cha chuma kichwani ambacho lazima kipashwe kwa taa ya moto kabla ya kuzungusha gurudumu. Ukikuta injini yenye kifuko kama hicho, achana na habari za Lister CS. Uko kwenye ukoo mwingine kabisa, wa kizazi cha mababu. CS ilitengenezwa hadi mwaka 1987. Ni nzito, zaidi ya kilo 300 ile ya silinda moja, na huzunguka polepole: 5/1 ya mwanzo mara 600 kwa dakika, 6/1 mara 650.

Namba hizo si mapambo. Ya kwanza ni nguvu za farasi, ya pili ni idadi ya silinda. Kwa hiyo 12/2 ni nguvu 12 kwa silinda mbili. Koo nyingine zina lugha zao. Kwenye Lister SR2 herufi hutaja aina na 2 hutaja silinda. Perkins, wa Peterborough, waliandika silinda kisha ujazo kwa inchi za ujazo: 4.236 ni silinda nne, inchi 236, karibu lita 3.9. AD3.152 ni silinda tatu, nayo ndiyo iliyoendesha trekta la Massey Ferguson 135 linalojulikana hadi na watoto wa shule katika Bonde la Ufa. Wachina nao huandika kipenyo cha silinda: S195 ni silinda moja yenye kipenyo cha milimita 95, na ZS1115 ni moja ya milimita 115. Mtu aliyejua siri hii ndogo hutoka bandani akiwa na nusu ya jibu kabla hajafungua boliti hata moja. Mwenye jenereta ya Perkins 4.236 atagundua pia kwamba injini iyo hiyo ilifungwa kwenye matrekta na mashine nyingi, hivyo haina haja ya kutafutiwa duka la jenereta. Muuza vipuri vya trekta anazo ringi zake.

Kibati huweza hata kutaja umri wa injini bila kuandikwa mwaka. Lister na Petter zilikuwa kampuni mbili hadi zilipounganishwa mwaka 1986, kwa hiyo kibati chenye majina yote mawili pamoja hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Ruston & Hornsby ya Lincoln ilizaliwa kwa muungano wa mwaka 1918; kibati chenye jina Hornsby peke yake ni cha zamani zaidi. Kwa injini za namna hii, zile kubwa za viwandani, inafaa kuwaandikia watu wa makumbusho. Anson Engine Museum, kule Poynton karibu na Stockport, imejitolea kwa injini hizi, na picha nzuri ya kibati pamoja na namba ya mfululizo ndiyo barua ya kwanza yenye maana. Kipuri hawatakuuzia, ila watakwambia ulichonacho ni nini.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe, ambalo ni nakala. Mji wa Rajkot, jimbo la Gujarat, India, umejaa karakana zilizonakili Lister CS kwa miongo mingi, na zinaendelea. Injini hizo zina magurudumu mawili yaleyale, rangi ya kijani ileile, na wakati mwingine kibati kinachofanana kwa makusudi. Sizidharau. Kama si Rajkot, Lister nyingi halisi za Afrika Mashariki zingekuwa zimeshayeyushwa, maana pistoni, ringi na gasketi zinazouzwa leo kwa ajili ya injini za Dursley hutoka hukohuko. Lakini nakala si moja. Ya Dursley hubeba krenki yake kwenye beringi za roli zilizochongoka. Nakala nyingi hutumia bushi. Karakana moja hufuata inchi, jirani yake amehamia milimita kwenye boliti kadhaa, na wa tatu amechanganya. Pistoni iliyoandikwa 6/1 inaweza kuingia kwenye silinda kama iliyozaliwa humo, au ikakataa kwa upana wa unywele. Hapo rahisi huvunja upishi: ringi za bei ya chini zilizolazimishwa huikwaruza silinda nzima, na gharama ya kuikwangua upya hupita bei ya ringi nzuri mara nyingi.

Kwa hiyo pima. Rangi si ushahidi, kwa kuwa kopo la rangi ya kijani linapatikana kila sokoni. Namba zilizoinuka kwenye chuma cha kusubu nazo hupotosha: ni namba za kalibu, na umbo moja lililotoka kwenye kalibu huweza kukerezwa likawa kipuri hiki au kile. Ziandike, zitakusaidia kuthibitisha ukoo, lakini usimpelekee muuzaji kana kwamba ni namba za kuagizia.

Kipimo kikuu ni kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni. Lister 6/1 ina kipenyo cha inchi 4.5, ambazo ni milimita 114.3, na mwendo wa inchi 5.5, yaani milimita 139.7. Linganisha na ile ZS1115 ya Kichina. Tofauti ya kipenyo ni milimita 0.7. Kwa rula ya mtoto wa shule, silinda hizo ni sawa. Kwa ringi, ni injini mbili zisizojuana. Ndiyo maana nasema kalipa nzuri ndiyo kifaa cha kwanza cha anayetafuta vipuri, kabla ya spana. Na pima mahali panapofaa. Silinda huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa hiyo kipimo cha hapo kitakuonyesha ulaji. Sehemu ya chini kabisa, ambako ringi hazifiki, ndiyo inayohifadhi kipimo cha kiwandani, au cha mara ya mwisho ilipokwanguliwa. Ukikuta chini kuna inchi 4.52, jua kwamba kuna fundi aliyekutangulia, na pistoni unayotafuta ni ya ukubwa uliozidi elfu 20 za inchi. Mwenye duka akikupa ya kawaida, hana kosa, kwani hukumwambia. Mwendo hupimwa kichwa kikiwa kimetolewa: zungusha gurudumu taratibu, pima kina cha pistoni ikiwa juu kabisa, kisha ikiwa chini kabisa, na utoe. (Gasketi ya zamani ya kichwa inaweza kuwa na asbesto. Ilowanishe kabla ya kuikwangua, wala usiipige brashi ya waya ikiwa kavu.)

Baada ya silinda, hesi, yaani meno ya boliti. Ugomvi mwingi wa injini za Kiingereza umefichwa kwenye boliti. Joseph Whitworth alipendekeza mpangilio wake wa hesi mwaka 1841, wenye pembe ya nyuzi 55, na viwanda vya Uingereza vikaufuata kwa zaidi ya miaka mia moja. Hesi za milimita na za Kimarekani zina pembe ya nyuzi 60. Ubaya ni kwamba Whitworth na hesi nene za Kimarekani zina idadi sawa ya meno kwa inchi katika vipimo vingi, ndiyo sababu fundi hudhani ni kitu kimoja. Lakini kwenye boliti ya nusu inchi, inayopendwa sana na injini za ukubwa huu, Whitworth ina meno 12 na ya Kimarekani ina 13. Itaingia mizunguko miwili mitatu, itakaza, fundi ataongeza bomba kwenye spana, na hesi ya kwenye chuma cha kusubu itang'oka. Boliti ya milimita 12 nayo ni nyembamba kidogo kuliko nusu inchi. Itazama ndani ikicheza, ishike kidogo, kisha iachie injini ikiwa kazini. Geji ya kupimia hesi ni kifaa cha bei ndogo kinachotoshea mfuko wa shati. Na ukiona spana za zamani zilizoandikwa 1/2 huku mdomo wake ni mpana kuliko nusu inchi, usizitupe: spana za Whitworth huandikwa kipenyo cha boliti, si upana wa kichwa chake.

Sehemu nyingine za injini ni rahisi kutambua kuliko watu wanavyodhani. Beringi ina namba ubavuni, na namba hiyo haijali iwapo kilichoibeba kilitoka Dursley, Rajkot au kwenye gari. Beringi 6308 ni milimita 40 ndani, 90 nje na 23 upana, iwe imetengenezwa na SKF au na mwingine. Namba ikiwa imefutika, vipimo hivyo vitatu vinatosha kuirudisha. Oili sili ni hivyo hivyo: kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Mkanda wa pembe huandikwa herufi ya upana na urefu wake. Kwa vitu kama hivi, kumuuliza mtu "vya Lister" ni kujipandishia bei bila sababu.

Visivyouzwa hutengenezwa. Mafundi wa jua kali wa Kisumu, Nakuru na Gikomba hukereza bushi, pini, shafti na puli kila siku, na gasketi ya shaba hukatwa kwa mkono. Kazi kubwa zaidi ya kusubu na kukereza Kenya inaijua pia: Numerical Machining Complex ya Nairobi iliundwa mwaka 1994 kutokana na mradi wa gari la Nyayo Pioneer. Gari halikufika sokoni, lakini ujuzi wa kutengeneza vipuri ulibaki, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa na faida kuliko gari lenyewe. Anayempelekea fundi kazi ampe mchoro wenye vipimo na, ikiwezekana, kipuri kilichokufa pamoja na kile kinachokutana nacho. Kunakili kipuri kilicholiwa bila kujua kipimo chake cha awali ni kunakili ugonjwa. Na ufa kwenye chuma cha kusubu usiachiwe kila mwenye welding, kwa sababu fito za kawaida za chuma hushika leo na kupasua pembeni kesho. Zinatakiwa fito za nikeli na joto la taratibu, au ufa ushonwe kwa pini bila moto.

Kuna mahali ambapo ufundi wa jua kali hauna njia. Ndani ya pampu ya dizeli kuna fimbo na ala yake ambazo nafasi kati yao ni mikromita chache tu, nyembamba mara nyingi kuliko unywele. Hakuna mashine ya kukereza ya kando ya barabara inayofikia hapo, na kuisugua kwa sandpaper ni kuiua. Fimbo na ala hununuliwa kama jozi, kwa namba iliyochorwa kwenye pampu yenyewe, na pampu huenda ina jina la kampuni nyingine kabisa, kama vile Bryce, CAV au Bosch. Noseli nayo ina namba yake. Ndiyo kusema pampu na noseli zitambuliwe peke yake, kana kwamba hazikuwahi kufungwa kwenye injini hiyo. Mara nyingi hazikuwa. Fundi wa kati alishazibadilisha.

Lakini kabla ya kununua chochote, hakikisha injini inaumwa kweli. Vilima vya chai vya Konoin viko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Hivyo nguvu 6 zilizoandikwa kwenye kibati zinakuwa karibu 5 Boito, hata injini ikiwa mpya. Mtu aliyeinunua Mombasa au Kisumu akiiona inafanya kazi vizuri ataona huku inatoa moshi mweusi kisiagi kikijaa, naye atakimbilia ringi. Moshi mweusi chini ya mzigo unasema dizeli ni nyingi kuliko hewa: punguza mahindi mdomoni mwa kisiagi, safisha kichujio cha hewa, kagua noseli. Ringi zilizokwisha husema kwa njia nyingine, kwa moshi wa buluu, oili inayopungua na gurudumu linalozunguka kwa mkono bila kukataa.

Je, inafaa kuhangaika hivi? Si kila mara. Penye umeme unaotegemewa, mota ni rahisi kuitunza, na sioni haya kusema kwamba visiagi vingi vya Boito viko sahihi kwa kuhamia huko. Hatari iko kwenye puli. Injini ya mizunguko 650 yenye puli ya inchi 16 huzungusha kisiagi chenye puli ya inchi 4 mara 2,600 kwa dakika. Ukifunga mota ya mizunguko 1,450 na kuiwekea puli ileile ya zamani, kisiagi kitataka kuzunguka mara 5,800, na nyundo zake zinaweza kupasua ganda na kumfikia aliyesimama mbele. Mota hiyo inahitaji puli ya inchi 7 hivi. Injini ya Kichina ya mizunguko 2,000 ina hesabu yake pia. Kipenyo cha puli mara mizunguko, upande huu na ule, lazima vilingane; mwenye kisiagi asiyefanya hesabu hii asibadilishe chochote.

Na kama krenki imekatika na nyingine haipatikani, hiyo si injini ya kufufua. Ni chuma, na chuma kina soko lake chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Ilipofika Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme, kwa hiyo muuzie mwenye leseni na udai risiti. Ila usiipeleke nzima. Ng'oa kwanza pampu, noseli, kichwa, gavana, magurudumu na kibati, uvipake grisi na uvifunge kwenye gunia, kisha uwaambie mafundi wa Litein na Mogogosiek kwamba unavyo. Kuna mwenye injini pacha ya hiyo ambaye wiki hii anauliza Kericho kama wana vipuri vya Lister.